Kiasi Hakipangwi Mezani

Mwaka 1863 bwana mmoja wa Urusi, mwandishi wa vitabu, alimwandikia shemeji yake barua kutoka Paris. Njiani alikuwa amepitia Wiesbaden, mji wa Ujerumani uliosifika kwa nyumba yake ya kamari. Akaingia, akacheza ruleti, akashinda faranga 10,000 na ushei. Kabla hajaondoka karibu nusu yake ilikuwa imerudi palepale mezani. Lakini barua haikuwa ya masikitiko. Bwana huyo alijigamba kwamba sasa anaijua siri ya kushinda, na kwamba siri yenyewe ni rahisi mpaka inachekesha: mtu ajizuie kila dakika, asipandwe na jazba. Basi. Ukiweza kujizuia, huliwi.

Bwana huyo ni Fyodor Dostoevsky. Baada ya kuandika barua ile alicheza na kuliwa kwa miaka minane zaidi.

Msomaji mwenzangu, nimeichagua habari ya mtu huyu kwa sababu mbili. Kwanza, ukurasa huu unasomwa na vijana wenye ndoto ya kuandika, na kuna uvumi vijiweni kwetu kwamba mwandishi hasa lazima awe mlevi, mcheza kamari, mtu wa kuharibikiwa. Ati ndipo kalamu hupata moto. Pili, siri aliyoiandika Dostoevsky mwaka 1863 ndiyo hiyohiyo tunayoisoma leo kwa maandishi madogo chini ya matangazo ya kubeti: cheza kwa kiasi, jizuie. Ushauri si mbaya. Lakini historia ina la kusema juu ya ushauri huo, na tusikilize.

SIRI ILIYOMPONZA

Mwaka 1864 ulimpiga Dostoevsky marungu mawili. Aprili alifiwa na mkewe, Maria. Julai akafiwa na kaka yake, Mikhail, ambaye walikuwa wakiendesha jarida pamoja. Madeni ya kaka na ya jarida akayabeba yeye, na familia ya marehemu nayo ikamtegemea.

Mwaka 1865, wadai wakiwa mlangoni, alitia saini mkataba na mchapishaji aitwaye Stellovsky. Alipewa rubo 3,000. Masharti je? Stellovsky apate haki ya kuchapa vitabu vyake vya zamani, tena Dostoevsky ampe riwaya mpya ifikapo tarehe 1 Novemba 1866. Akichelewa, Stellovsky atakuwa na ruhusa ya kuchapa kila atakachoandika kwa miaka tisa bila kumlipa hata senti. Mkataba gani huo? Lakini mtu anayezama hushika hata upanga.

Fedha nyingi ziliishia kwa wadai. Kidogo kilichobaki akakichukua, akaenda nacho wapi? Wiesbaden kwenye ruleti, na siri yake ya kujizuia kichwani. Kwa siku tano tu alikuwa ameliwa chote mpaka saa yake ya mfukoni. Hotelini wakakataa kumpa chakula, akawa anapewa chai peke yake. Akamwandikia mwandishi mwenzake, Turgenev, amkopeshe thaler 100. Turgenev akampelekea 50.

Ni katika siku hizo za njaa ndipo alipoanza riwaya ya Uhalifu na Adhabu. Walioisoma wanakumbuka kwamba mwanzoni kabisa yumo kijana aliyeishiwa, anayepeleka saa ya marehemu baba yake kwa bibi mmoja anayeweka vitu rehani. Hapo ndipo watu wa vijiweni husema: "Unaona? Kamari ndiyo iliyompa riwaya!" Ngoja kwanza.

BINTI WA HATIMKATO

Oktoba 1866 iliingia, na katika riwaya ya Stellovsky hakuna hata ukurasa mmoja uliokuwa umeandikwa. Zilibaki wiki nne. Marafiki walijitolea kuigawana, kila mmoja aandike sehemu yake, yeye atie jina tu. Akakataa. Ndipo rafiki mmoja akamshauri atafute mtu anayejua hatimkato, ili yeye aseme na mwenzake aandike.

Tarehe 4 Oktoba akaja binti wa miaka 20, Anna Grigoryevna Snitkina. Kila siku saa sita mchana mpaka saa kumi Dostoevsky alisema, Anna akaandika. Usiku Anna alikaa kwao akigeuza zile alama kuwa maandishi safi, na kesho yake akazileta. Kwa siku 26 riwaya ikaisha. Jina lake ni Mcheza Kamari, na habari zake ni zile alizozijua kwa kuumwa nazo. Walipopeleka mswada, Stellovsky hakuonekana mjini. Wakaukabidhi kituo cha polisi na kuchukua stakabadhi yenye tarehe. Mtego ukateguka.

Sasa tufanye hesabu kwa haki. Kamari ilimpa Dostoevsky habari ya kuandika, sawa. Lakini kamari hiyohiyo ilimwibia muda wa kuandika, ikamwuzia haki zake, ikamfikisha ukingoni akiwa na karatasi tupu. Riwaya ilikamilika kwa sababu mtu mwingine alikuja kila siku kwa wakati, akakaa mezani na penseli na kuhesabu kurasa. Kijana unayetaka kuwa Dostoevsky, usiige ruleti. Tafuta wa kukuhesabia kurasa.

Februari 1867 Dostoevsky na Anna wakaoana. Ingekuwa sinema, hapo taa zingewashwa twende nyumbani. Lakini ndoa haikuiponya kamari. Aprili mwaka huo walikimbilia nje ya Urusi kwa sababu ya wadai, na majira ya joto wakafika Baden-Baden, mji mwingine wa kamari. Wiki saba walizokaa huko zilikuwa za mateso. Anna alikuwa mjamzito. Hereni na bruchi alizopewa na mumewe kama zawadi ya harusi zikaenda rehani. Pete ya ndoa ikaenda. Nguo zikaenda. Kila mara bwana alirudi akalia, akapiga magoti, akaapa kwamba ni mwisho, na kesho akaomba fedha za kugombolea vile vya jana. Anna aliyaandika hayo yote katika shajara yake, kwa hatimkato ambayo mumewe hakuweza kuisoma.

Hali hiyo iliendelea mpaka Aprili 1871. Mara hiyo alikwenda Wiesbaden peke yake, akaliwa, akamwandikia mkewe kwamba ndoto ile chafu iliyomtesa karibu miaka kumi imemtoka. Maneno kama hayo alikuwa ameyasema mara nyingi. Safari hii yakawa kweli. Hakucheza tena mpaka alipofariki mwaka 1881.

Nini kilimwachisha? Wasomi wanabishana mpaka leo. Tunayoweza kuyaona ni haya. Julai 1871 walirudi Urusi, mbali na meza. Anna akayachukua mahesabu ya nyumba mikononi mwake, akakabiliana na wadai mmoja mmoja, na mwaka 1873 akaanza kuchapa vitabu vya mumewe yeye mwenyewe. Na mwishoni mwa mwaka 1872 Ujerumani ilizifunga nyumba zake za kamari. Baadaye Dostoevsky alikwenda Ujerumani mara kadhaa kutibiwa mapafu. Alikuta milango ya nyumba zile imefungwa. Meza ikawa mbali, mfuko ukawa na mlinzi, na siri haikuwa siri tena nyumbani. Yeye alikuwa na nia tangu mwaka 1863. Hivyo vingine ndivyo alivyokuwa hana.

HESABU HAINA UNDUGU

Kwa nini siri ya kujizuia haikufaa? Kwa sababu aliyejizuia na asiyejizuia wote wanacheza na hesabu ileile. Ruleti yenye sifuri moja ina vishimo 37: namba 1 mpaka 36, na sifuri. Namba yako ikitoka unalipwa mara 35 pamoja na kurudishiwa ulichoweka. Sasa weka shilingi 1,000 kwenye kila kishimo, vyote 37. Umetoa 37,000. Lazima ushinde, kwani umeshika namba zote. Utapokea 36,000. Ile 1,000 ni ya mwenye nyumba, na hakufanya hila yoyote. Ujanja wote umo katika kishimo kimoja cha sifuri.

Mikeka ya mpira ni hivyohivyo, tena zaidi. Tuseme kampuni inajikatia shilingi 5 katika kila 100 kwa kila mechi. Ukicheza mechi moja si kitu. Ukiunganisha kumi kwenye mkeka mmoja, makato yanazidishana, na thamani halisi ya ile 100 yako inabaki kama shilingi 60. Na tuseme wewe ni fundi kweli, kila mechi una nafasi 70 katika 100 ya kupatia. Mechi kumi zote kwa pamoja? Ni kama nafasi 3 katika 100. Ndiyo maana mkeka huchanika kwa mechi moja, na mchezaji hulala akisema alikaribia. Hakukaribia. Mkeka ulitengenezwa uchanike hivyo.

UGONJWA WAPATA JINA

Kwa karne nyingi mcheza kamari aliyeshindwa kuacha aliitwa majina mawili tu: mhuni au mwenye dhambi. Mhuni dawa yake ni pingu, mwenye dhambi dawa yake ni toba. Wapo waliopona kwa toba, na hatuwezi kuwabeza. Lakini wapo waliotubu kila Ijumaa au kila Jumapili na Jumatatu wakarudi mezani, wakaongeza aibu juu ya hasara.

Mwaka 1957 huko Los Angeles, Marekani, kulitokea jambo dogo lenye uzito. Januari wanaume wawili wenye tatizo la kamari walianza kukutana na kuzungumza. Waligundua kwamba wakizungumza mara kwa mara hawarudi mchezoni. Tarehe 13 Septemba mwaka huo wakafanya mkutano wa kwanza wa kundi lililoitwa Gamblers Anonymous, yaani wacheza kamari wasiojitaja majina, kwa kufuata mfano wa walevi waliokuwa wameanza kundi lao mwaka 1935. Hakuna ada ya lazima, hakuna daktari, hakuna hakimu. Mtu anasimama mbele ya wenzake na kusema: nimeshindwa. Na wenzake hawamcheki, maana nao walishindwa. Wahenga wetu walishasema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Kundi hilo lina maswali 20 ya kujipima, na linasema mwenye tatizo kwa kawaida hujibu ndiyo kwa maswali saba au zaidi. Yamo kama haya: Umewahi kukosa kazi au masomo kwa sababu ya kamari? Ukiliwa, unajisikia lazima urudi haraka ukarudishe zako? Umewahi kukopa ili ucheze? Umewahi kuuza kitu ili ucheze? Kamari inakukosesha usingizi? Soma maswali hayo, kisha mfikirie Dostoevsky kule Baden-Baden.

Madaktari nao wakafuata. Mwaka 1972 Dkt. Robert Custer alianzisha huko Brecksville, Ohio, katika hospitali ya wanajeshi wastaafu, mpango wa kwanza wa kuwalaza na kuwatibu wacheza kamari. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kikauingiza ugonjwa huu katika kitabu chake cha magonjwa, na mwaka 2013 kikauhamishia kwenye fungu moja na ulevi wa pombe na dawa za kulevya. Maana yake ni nini kwa mtu wa kawaida? Ni kwamba kuna wanaocheza wakaacha salama, kama kuna wanywao bia moja wakaenda kulala. Na kuna ambao ubongo umeshashikwa, ambao kuwaambia "jizuie" ni kama kumwambia mwenye malaria asitetemeke.

KWETU

Afrika Mashariki kamari si ngeni. Waliopita Kariakoo au River Road wanaijua pata potea, zile karata tatu juu ya boksi, ambazo anayeshinda kwanza huwa ni mwenzao wa mwenye karata. Serikali nazo ziliweka sheria: Kenya ilikuwa na sheria yake ya kamari na bahati nasibu tangu mwaka 1966, na Tanzania ilitunga Sheria ya Michezo ya Kubahatisha mwaka 2003, iliyounda bodi ya kuisimamia. Umri ni miaka 18 na kuendelea.

Kilichobadilisha mambo ni simu. Mwaka 2007 Kenya ilianzisha M-Pesa, na mwaka uliofuata ikafika Tanzania. Lengo lilikuwa watu watumiane fedha, na limefanikiwa mno. Mwaka 2012 Kenya ikapata M-Shwari, mkopo wa papo kwa papo kwenye simu. Mwaka 2014 SportPesa ikaanza Kenya, na kufika 2017 jina lake lilikuwa kwenye jezi za Simba na Yanga. Kubeti kukaingia kila kijiwe, kila bweni, kila daladala. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilikataa kuendeleza leseni za kampuni 27 kwa mpigo, ikidai kodi. Vumbi likatulia, na kubeti kukaendelea.

Linganisha. Dostoevsky alihitaji treni kumfikisha Wiesbaden. Alihitaji kutembea mpaka kwa mweka rehani. Alihitaji kuandika barua kuomba mkopo na kungoja jibu kwa siku kadhaa. Katika kila hatua palikuwa na nafasi ya kugeuka, ingawa hakugeuka. Kijana wa leo meza iko mfukoni, mkopo uko mfukoni, na benki iko mfukoni. Saa nane za usiku, chini ya shuka, anaweza kuliwa, kukopa, na kuliwa tena kabla jogoo hajawika. Mama aliye chumba cha pili haoni kitu. Anaona tu kwamba ada haijalipwa.

Na mcheza kamari wa simu hanuki kama mlevi, wala haanguki mtaroni. Hiyo ndiyo hatari yake.

KIASI KIPANGWE WAPI?

Tusidanganyane kwamba kila anayeweka buku kwenye mechi ya Jumamosi ni mgonjwa. Wengi si wagonjwa. Lakini anayetaka kucheza kwa kiasi, basi kiasi hicho akipange kabla, mbali na meza, kichwa kikiwa kimetulia. Kiasi kinachopangwa wakati mechi inaendelea si kiasi. Fedha ya kuchezea iwe ile ambayo ikipotea hakuna atakayelala njaa, kama fedha ya kiingilio cha mpira. Isiwe ya kodi ya chumba, isiwe ya ada, isiwe ya mkopo. Na ikiisha, imeisha. Neno la hatari kuliko yote katika mchezo huu ni "nirudishe zangu". Ukishaliwa si zako tena.

Na anayejiona amevuka hapo? Afanye yale ambayo Dostoevsky alichelewa kuyafanya. Amwambie mtu mmoja, ukweli wote, na deni lote kwa tarakimu. Mficha ugonjwa kifo humuumbua. Ampe mtu anayemwamini ashike fedha kwa muda, hata namba ya siri ya simu abadilishiwe. Aiombe kampuni imfungie akaunti, na kampuni nyingi zina utaratibu huo. Afute programu zile kwenye simu. Aende hospitali yenye idara ya magonjwa ya akili bila kuona haya: Muhimbili ipo, Mirembe ya Dodoma ipo, Mathari ya Nairobi ipo. Huko hawatibu "vichaa" tu kama tunavyotaniana mitaani. Wanatibu watu. Na kama madeni yamemfikisha mahali anawaza kujiua, asingoje asubuhi. Aamshe mtu, apelekwe hospitali usiku huohuo.

Asipopata kundi la kukutana nalo mtaani kwake, awatafute wawili. Kumbuka Los Angeles walianza wawili.

Kwa ndugu na wazazi: kumlipia deni kimyakimya kila mara ni kumpa mtaji. Msaidieni, lakini kwa makubaliano, na fedha mlipe wenyewe kwa mdai, isipitie mkononi mwake. Na sisi wa kijiweni tuache kumcheka aliyesema ameacha. Akiwa amekaa nasi Jumamosi bila mkeka, tumpishe nafasi kwenye benchi tuzungumze mpira kama mpira.

Mwisho, wenzangu mnaoandika. Mcheza kamari wetu anatufaa kwa riwaya, hilo halina ubishi: ana tamaa, ana siri, ana usiku mrefu. Lakini msimwandike yeye peke yake. Pembeni yake kuna mtu anayeandika kila kilichouzwa, kwa alama ambazo mwenzake hawezi kuzisoma. Pengine ni mke huko Manzese, pengine ni mama huko Eastleigh, pengine ni mdogo wake aliyerudishwa shule kwa ada. Mtafuteni huyo, mkae naye, mumwulize daftari lake limefikia ukurasa wa ngapi.